Maili za ndege: hesabu ngumu ya tiketi ya zawadi kwa wasafiri wa Goma na Bukavu

Tangu M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wa ndege wa mji huo ukafungwa, safari ya mfanyabiashara anayekwenda kununua bidhaa Dubai ao Guangzhou inaanzia barabarani. Anavuka Grande Barrière, anaingia Gisenyi, anapanda basi mpaka Kigali, na huko ndiko anapokuta ndege. Mkaaji wa Bukavu anavuka Ruzizi. Wa Beni na Butembo anashuka Kasindi kuelekea Entebbe. Wa Uvira amezoea kutazama upande wa Bujumbura.

Katika mzunguko huo kuna mali ndogo inayopotea bila mtu kupiga kelele. Ni maili, yaani pointi ambazo kampuni ya ndege inamwandikia msafiri kila anaposafiri, na ambazo zikifika kiasi fulani anaweza kuzibadilisha na tiketi ya zawadi. Kwa anayefanya safari tatu ao nne za biashara kwa mwaka, si jambo la mchezo: tiketi moja iliyookolewa ni mtaji unaobaki dukani. Kwa familia yenye mtoto ao ndugu Ulaya, maili zinaweza kuwa ndizo zinazomwezesha mtu kuwahi msiba.

Lakini kati ya kuwa na maili na kupanda ndege kwa maili kuna njia ndefu, na kwa msafiri wa mashariki mwa Kongo njia hiyo ina mashimo mengi zaidi. Baadhi yanatoka kwa kampuni zenyewe. Mengine yanatoka kwenye vita, mipaka, na hata namna Mkongomani anavyoandikwa kwenye paspoti.

Zawadi iliyogeuka biashara

Mpango huu si wa jana. American Airlines ya Marekani ilianzisha programu yake, AAdvantage, mwezi wa Mei 1981, na United ikafuata siku chache baadaye. Wazo lilikuwa jepesi: msafiri anayerudi kwetu mara kwa mara, tumpe kitu ili asiende kwa mshindani. Ulaya nayo ilifuata. Lufthansa ilianza Miles & More mwaka 1993, na leo ndiyo programu ya Brussels Airlines pia. Air France na KLM zinatumia Flying Blue. Afrika, Ethiopian Airlines ina ShebaMiles, RwandAir ina Dream Miles, na Kenya Airways, ambayo zamani ilikuwa ndani ya Flying Blue, sasa ina programu yake iitwayo Asante Rewards.

Mwanzoni hesabu ilifuata umbali. Aliyeruka kilomita nyingi alipata maili nyingi, awe alilipa tiketi ghali ao rahisi. Hiyo imebadilika. Delta na United zilihama mwaka 2015, American ikafuata 2016, na Flying Blue pamoja na Miles & More zikafanya hivyo 2018: siku hizi msafiri anahesabiwa zaidi kwa pesa alizolipa kuliko kwa mbali alikokwenda. Matokeo ni kwamba anayetafuta tiketi ya bei ya chini kabisa, kama wafanyavyo wafanyabiashara wengi wa Kivu, anapata maili kidogo hata kama amezunguka nusu ya dunia.

Janga la Covid ndilo lililoonyesha wazi ukubwa wa biashara hii. Mwaka 2020, ndege zikiwa zimelala kwenye viwanja, United iliweka programu yake ya maili kuwa dhamana na kukopa dola bilioni 6,8. Kwenye karatasi za mkopo huo programu ilikadiriwa kuwa na thamani ya karibu dola bilioni 22, zaidi ya thamani ya hisa zote za kampuni yenyewe sokoni wakati huo. Delta ilikopa dola bilioni 9 kwa njia hiyo hiyo, na American dola bilioni 10 mwanzoni mwa 2021.

Pesa hizo zinatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka kwa mabenki. Benki inanunua maili kutoka kampuni ya ndege, kisha inazigawa kwa wateja wanaolipa kwa kadi ya mkopo. Mmarekani anaweza kukusanya maili akinunua chakula na mafuta ya gari, bila kupanda ndege hata mara moja. Mkaaji wa Goma hana mlango huo. Mabenki ya mji yalifunga mwanzoni mwa 2025, na tiketi nyingi zinalipwa mkononi kwenye ajansi ao kwa simu. Yeye anabaki na njia moja tu ya kupata maili: kukaa kwenye kiti cha ndege.

Vikapu vingi visivyojaa

Hapo ndipo shimo la kwanza linapoonekana. Uwanja wa Goma ulipokuwa wazi, msafiri aliweza kushikamana na kampuni moja. Ethiopian ilikuwa ikitua Goma, na kutoka Addis-Abeba mtu aliunganisha mpaka Dubai ao Guangzhou kwa tiketi moja. Leo anachagua uwanja kwanza, halafu kampuni. Mwezi huu anapita Kigali, mwezi ujao mpaka ukiwa na matatizo anapita Entebbe. Safari moja anachukua Ethiopian, ya pili RwandAir, ya tatu Emirates ao Kenya Airways, kufuatana na bei aliyotajiwa asubuhi hiyo.

Kila kampuni inamfungulia kikapu chake. Mwisho wa miaka miwili anaweza kuwa na maili elfu sita hapa, elfu nane pale, elfu tatu kwingine. Akizijumlisha ni nyingi. Lakini hazijumlishwi, na hakuna kikapu kimoja kinachofikia tiketi.

Dawa ya tatizo hili ipo, ila inataka kujua nani ni ndugu wa nani. Kampuni nyingi ziko ndani ya miungano mikubwa, na msafiri anaruhusiwa kuandikisha safari ya kampuni moja kwenye akaunti ya nyingine ya muungano huo. Ethiopian, Brussels Airlines na Turkish Airlines zote ziko katika Star Alliance. Mtu mwenye namba ya ShebaMiles anaweza kuruka na Turkish kutoka Kigali na maili zikaingia ShebaMiles. Kenya Airways, KLM na Air France ziko upande wa SkyTeam. RwandAir haimo katika muungano wowote, ingawa ina makubaliano na Qatar Airways. Emirates nayo inatembea peke yake.

Kwa hiyo msafiri wa mashariki hahitaji akaunti saba. Mbili zinatosha mara nyingi: moja ya Star Alliance na moja ya kampuni anayoitumia zaidi nje ya hapo. Programu kadhaa pia zinaruhusu watu wa nyumba moja kuweka maili pamoja. Flying Blue, Miles & More na Skywards ya Emirates zina utaratibu huo. Kwa mume na mke wanaopokezana safari za biashara, ni njia ya kujaza kikapu kimoja badala ya viwili nusu nusu.

Majina matatu, kompyuta moja

Shimo la pili ni dogo kwa kulitazama, lakini linameza maili nyingi. Mkongomani ana jina, ana postnom, halafu ana jina la ubatizo. Paspoti inaandika yote. Tiketi ina nafasi mbili tu: jina la ukoo na jina la mbele. Ajansi moja inaunganisha jina na postnom kuwa neno moja refu. Nyingine inaacha postnom kabisa. Nyingine inaweka postnom mahali pa jina la mbele.

Wakati wa kuingia ndege, mtumishi anaweza kutazama paspoti na kumpitisha abiria. Kompyuta ya maili haina huruma hiyo. Jina la kwenye tiketi lisipolingana na jina la kwenye akaunti, maili zinaweza kukataa kuingia, na hakuna anayempigia msafiri simu kumwambia. Anakuja kugundua miezi baadaye kwamba safari ya Istanbul haikuandikwa popote.

Kinga yake ni ya makaratasi. Akaunti ifunguliwe kwa majina yale yale, kwa mpangilio ule ule, ambao ajansi itatumia kwenye tiketi kila mara. Namba ya akaunti itajwe wakati wa kununua tiketi, si kwenye mlango wa ndege. Na kikaratasi cha kuingilia ndege kisitupwe baada ya kufika: bila hicho na namba ya tiketi, ni vigumu kudai maili zilizopotea. Kudai nako kuna muda wake. Programu nyingi zinatoa miezi michache tu, kisha mlango unafungwa.

Tiketi ya bure inayolipiwa

Msafiri akishavuka mashimo hayo, anafika mahali penye mshangao mkubwa. Amekusanya maili za kutosha, anaomba tiketi ya zawadi, na anaambiwa alipe dola mia mbili, mia tatu, wakati mwingine zaidi.

Maili kwa kawaida zinalipa kiti. Hazilipi kodi za viwanja, na kwenye programu nyingi hazilipi nyongeza ambayo kampuni yenyewe inaiweka na ambayo zamani iliitwa nyongeza ya mafuta. Anayeondokea kwenye uwanja wa Kongo, kama Kinshasa ao Lubumbashi, anaongezewa Go Pass, ambayo tangu 2009 inatozwa kwa kila abiria. Mwenye tiketi ya zawadi naye ni abiria.

Ndiyo maana kabla ya kutoa maili ni lazima kufanya hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Mtu anachukua bei ya tiketi ya kawaida, anaondoa kodi atakazolipa kwenye tiketi ya zawadi, kisha anagawanya kwa idadi ya maili anazoombwa.

Mfano wa kufikirika unasaidia. Tiketi ya kwenda na kurudi inauzwa dola 800. Kwa zawadi, kampuni inataka maili 50.000 pamoja na dola 320 za kodi na nyongeza. Msafiri anaokoa dola 480. Kila maili imemletea karibu senti moja ya dola, kwa usahihi senti 0,96. Sasa safari ya pili, fupi zaidi: tiketi ni dola 400, zawadi ni maili 20.000 na kodi ya dola 100. Anaokoa dola 300, na kila maili imezaa senti 1,5. Safari ya kwanza inaonekana kubwa na ya kuvutia, lakini ni ya pili iliyotumia maili vizuri.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye mfano huo: kwa kawaida tiketi ya zawadi haizai maili mpya, wakati ile ya kununua inazaa. Pia viti vya zawadi kwa bei ya chini ni vichache, na mwezi wa Desemba ao wakati wa likizo kubwa vinakwisha mapema. Yule anayengoja msiba ao harusi ndipo atafute kiti atakuta ama hakuna, ama kipo kwa bei mara mbili.

Bei inapopanda usiku

Zamani kampuni zilitoa orodha: kutoka Afrika ya kati mpaka Ulaya, maili kadhaa, basi. Mtu alijua anakusanya ili afikie wapi. Orodha hizo zinaendelea kuondoka. Flying Blue ilianza mwaka 2018 kupanga bei ya maili kufuatana na siku na mahitaji, na Miles & More ilichukua njia hiyo mwaka 2025 kwa ndege za kundi la Lufthansa, Brussels Airlines ikiwa ndani.

Kwa mwenye maili, maana yake ni hii: kampuni ndiyo inayotoa sarafu, ndiyo inayouza bidhaa, na ndiyo inayopanga bei. Katika mfano wa juu, tiketi ya maili 50.000 ikipandishwa kuwa 75.000 huku bei ya dola ikibaki pale pale, thamani ya kila maili inashuka kutoka senti 0,96 mpaka 0,64. Theluthi moja imekwenda, na kwenye akaunti ya msafiri hesabu bado inasoma idadi ile ile. Wakaaji wa Kongo wanaokumbuka franga ya zamani, na kabla yake zaire, wanaijua hali hiyo: noti inabaki mfukoni, lakini sokoni imekwisha kupungua.

Marekani yenyewe imeanza kuliona kuwa jambo la kulinda wanunuzi. Mwezi wa Septemba 2024 wizara ya usafiri ya nchi hiyo ilifungua uchunguzi juu ya programu za American, Delta, Southwest na United, ikiuliza kuhusu kushusha thamani ya maili, bei zisizoonekana mapema na gharama zilizofichwa. Msafiri wa Kivu hana wizara inayomuulizia swali hilo. Sheria za programu zinaandikwa kwingine, na mara nyingi zinasema wazi kwamba kampuni inaweza kuzibadilisha.

Kuna pia saa inayohesabu. Maili za Miles & More zinadumu miezi 36 kwa mteja wa kawaida. Za Flying Blue zinadumu miezi 24, na msafiri anaziongezea maisha akiruka tena kabla ya muda huo. Mwaka mmoja wa vita, mipaka iliyofungwa na biashara iliyolala unatosha kuchoma kazi ya miaka kadhaa.

Siasa nayo ina kiti ndani ya ndege

Wasafiri wa mashariki wameonja hatari nyingine ambayo haiandikwi kwenye vitabu vya programu hizi. Mwezi wa Mei 2022 serikali ya Kinshasa ilisimamisha ndege za RwandAir, na kampuni hiyo ikafuta safari zake za Goma, Lubumbashi na Kinshasa. Mwezi wa Februari 2025 Kongo ilifunga anga yake kwa ndege zilizoandikishwa Rwanda. Mwisho wa Aprili 2024 Kenya Airways nayo ilisimamisha safari za Kinshasa kwa siku kadhaa, kufuatia kukamatwa kwa wafanyakazi wake wawili.

Katika hali kama hizo maili hazifutwi. Zinabaki kwenye akaunti. Lakini mwenye maili za RwandAir aliyeko Lubumbashi ao Kinshasa anatakiwa kwanza kufika Kigali kwa njia nyingine na kwa pesa nyingine. Tiketi ya zawadi inayoanzia mahali usipoweza kufika ni zawadi ya nani?

Kwa upande wa ndani ya nchi, picha si nzuri zaidi. Kampuni za Kongo zote ziko kwenye orodha nyeusi ya Umoja wa Ulaya, na hakuna hata moja iliyo katika miungano mikubwa. Air Congo, iliyoanza kuruka Desemba 2024, ni mali ya serikali kwa asilimia 51 na ya Ethiopian kwa asilimia 49. Ushirika huo ungeweza siku moja kumfungulia msafiri wa ndani mlango wa maili za nje, lakini kwa wakaaji wa Goma na Bukavu faida yoyote itangoja kwanza viwanja vyao vifunguliwe.

Mizigo kuliko kiti

Kwa wafanyabiashara kuna upande ambao hauzungumziwi sana na ambao huenda una faida kuliko tiketi ya zawadi yenyewe. Programu hizi zina hesabu mbili. Ya kwanza ni maili za kutumia. Ya pili ni ya cheo: anayeruka mara nyingi ndani ya kipindi kilichowekwa anapandishwa daraja. Cheo hakibadilishwi na tiketi, lakini kinaleta haki. Mwenye daraja la Gold katika Star Alliance, kwa mfano, anaruhusiwa mzigo wa ziada: kilo 20 ao begi moja zaidi, kufuatana na utaratibu wa safari.

Kwa mama anayerudi na vitenge ao nguo za watoto kutoka Guangzhou, begi moja zaidi kila safari ni pesa taslimu. Ndiyo sababu nyingine ya kutosambaza safari kwenye kampuni nyingi: cheo kinapatikana kwa kukusanya upande mmoja.

Na kuna mtego wa kuepuka. Kwenye vikundi vya WhatsApp wanatokea watu wanaouza tiketi za nusu bei, wakisema zinatoka kwenye maili. Programu zinakataza kuuza maili mkononi, na nyingine zimeibwa kwenye akaunti za watu. Kampuni ikigundua inafuta tiketi, wakati mwingine baada ya safari ya kwenda na kabla ya ile ya kurudi. Anayeumia ni abiria aliyekwama Dubai, wakati muuzaji amekwisha kubadilisha namba ya simu.

Kuweka ao kutumia?

Ukiweka pamoja bei zinazopanda, muda unaokwisha na mipaka isiyotabirika, jibu linaelekea upande mmoja. Maili si akiba ya uzeeni. Hazizai faida, hazirithiwi kwa urahisi, na anayezitoa anaweza kuzipunguza nguvu wakati wowote. Zinafaa kwa anayezikusanya mahali pamoja, akiwa na safari fulani akilini, na kuzitumia mara tu zinapotosha.

Ajansi za Goma, Bukavu na Butembo zina nafasi yao hapa. Kuandika jina sawasawa, kuuliza namba ya maili kabla ya kutoa tiketi, na kumwonyesha mteja kodi atakazolipa hakugharimu kitu. Kwa mteja kunaweza kuwa tofauti kati ya kupata tiketi baada ya miaka miwili na kutoipata kabisa.

Yanayobaki hayako mikononi mwa ajansi. Mwishoni mwa Oktoba 2025, kwenye mkutano wa Paris, rais wa Ufaransa Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja wa Goma utafunguliwa kwa ndege za misaada, na M23 ikalikataa tangazo hilo. Hata lingekubaliwa, ndege za misaada hazibebi wafanyabiashara. Mpaka ndege za abiria zitue tena mjini, kila tiketi ya zawadi ya mkaaji wa Goma itaendelea kuanza kwa basi la kulipia.